Kukimbia au kujifungia ndani: hesabu ya mtu wa kisiwani

Mwezi Juni 2025, Israel na kisha Marekani ziliposhambulia vituo vya nyuklia vya Iran, kundi letu la WhatsApp la ukoo halikulala. Ami yangu anaishi Maskati tangu miaka ya themanini, binti yake yuko Dubai, na sisi tuliobaki tuko Wete, Pemba. Ami alituma ujumbe wa sauti, sekunde kumi tu: "Mwanangu, wewe ndiye unayesomesha fizikia. Wakiupiga ule mtambo wa Bushehr, tutoke au tujifungie ndani? Nijibu kabla ya magharibi." Mama yangu hakumuuliza mtu. Alikwenda sokoni akarudi na pakiti 11 za chumvi, za kilo moja moja, akazipanga chini ya kitanda, kwa kuwa jirani kamwambia chumvi inazuia mionzi.

Nikamjibu ami mbio mbio: "Tokeni mapema, ami, msingoje barabara zijae." Lilikuwa jibu la kijinga, na ndilo lililonikalisha kitako nikaandika haya. Bushehr, mtambo wa umeme wa nyuklia wa Iran ulio ukingoni mwa Ghuba, haikupigwa mwezi ule. Vilivyopigwa ni pamoja na Natanz, Fordow na Isfahan, na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, likaeleza kuwa mionzi nje ya vituo haikupanda. Lakini siku nyengine mtu akiniuliza, awe Maskati au Micheweni, nataka niwe na jibu lililopimwa. Kipimo kipo. Ajali mbili tu za mitambo ya umeme wa nyuklia zimewahi kupewa daraja la 7, la juu kabisa, na zimekaa kama mifano miwili iliyotengenezwa makusudi: katika moja watu walicheleweshwa kuondoka, katika nyengine wakaharakishwa.

Waliocheleweshwa

Kinu namba 4 cha Chernobyl, Ukraine, wakati huo ndani ya Muungano wa Kisovieti, kililipuka saa 7 na dakika 23 usiku, tarehe 26 Aprili 1986, mafundi wakiwa katikati ya jaribio. Kinu hakikuwa na jumba la zege la kukifunika kama vinu vingi vya leo, na grafiti iliyokuwa ndani yake ikashika moto. Kwa siku kama 10 moshi wake ulipanda na kutawanyika kila upepo ulipogeukia.

Mji wa Pripyat ulikuwa kilomita 3 tu kutoka hapo, na wakaazi wake kiasi cha 49,000. Jumamosi ile kulikucha kama kawaida. Watoto walikwenda skuli, watu walitoka kununua mahitaji yao. Mabasi yalikuja Jumapili mchana, saa 36 baada ya mlipuko, na watu wakaambiwa wachukue vitu vya siku tatu. Hawakurudi tena. Dunia nayo haikuambiwa kitu mpaka Jumatatu, pale mfanyakazi wa mtambo wa Forsmark, Sweden, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Chernobyl, alipopita kwenye kipimo cha mionzi na viatu vyake vikalia. Wasweden walidhani mtambo wao wenyewe ndio unaovuja. Wakapekua kila pembe, kumbe vumbi la jirani limeshuka na mvua kwenye majani aliyokanyaga.

Ukimuuliza mtu Chernobyl iliua vipi, atakutajia wazimamoto. Ni kweli: watu 134 waliokuwa mtamboni walipata maradhi makali ya mionzi, na 28 kati yao walikufa ndani ya miezi michache. Lakini walioumia kwa wingi hawakuwa karibu na moto. Ni watoto wa vijijini Belarus, Ukraine na Urusi, walioendelea kunywa maziwa ya ng'ombe wa nyumbani. Ng'ombe alikula majani yaliyoangukiwa na vumbi, ayodini yenye mionzi ikaingia kwenye maziwa, mtoto akanywa kikombe asubuhi na kikombe jioni, na tezi yake ya shingo ikaifyonza kwa wingi, maana kazi ya tezi hiyo ni kutafuta ayodini. Kufikia mwaka 2005 zaidi ya wagonjwa 6,000 wa saratani ya tezi ya shingo walikuwa wameshagunduliwa miongoni mwa wale waliokuwa watoto na vijana wakati wa ajali. Wengi walitibika; 15 walikuwa wamekufa.

Kwa hiyo kuchelewa kuliwagharimu watu wa Pripyat, hilo halina ubishi. Kwa wale wa mbali zaidi, kilichowaumiza ni kwamba hakuna aliyewaambia: leo msinywe.

Walioharakishwa

Fukushima ilikuwa Ijumaa, 11 Machi 2011. Tetemeko la ukubwa wa 9.0 lilipiga saa 8 na dakika 46 mchana. Vinu vilijizima vyenyewe kama vilivyotakiwa, lakini kinu kilichozimwa bado kina joto na kinataka maji yazunguke. Baada ya dakika kama 50 likaja wimbi la tsunami la mita 14 na zaidi, likaruka ukuta. Jenereta nyingi za dharura zilikuwa kwenye vyumba vya chini ya ardhi. Zikazama. Pampu zikasimama, na vinu vitatu vikayeyuka ndani.

Wajapani hawakungoja saa 36. Usiku ule ule walitoa amri watu wa kilomita 3 waondoke. Alfajiri ikawa kilomita 10. Jumamosi magharibi ikawa kilomita 20. Amri tatu chini ya saa 24. Mtu alihamia kwa dada yake, kabla hajavua viatu akaambiwa na hapa ondoka. Jumla ya waliohama ilipita 150,000. Wagonjwa na wazee walipakiwa kwenye mabasi, wengine saa nyingi bila daktari, bila maji, bila mashine zao. Wagonjwa wa hospitali moja na makao ya wazee ya jirani, zaidi ya 40, walikufa njiani au siku chache baadae. Na kufa kwa namna hiyo kuliendelea kwa miaka: mkoa wa Fukushima umehesabu zaidi ya vifo 2,300 vinavyotokana na uchovu, kukatika matibabu na maisha ya kuhamahama. Tetemeko na tsunami zenyewe ziliua watu kama 1,600 katika mkoa huo. Kwa upande wa mionzi, serikali ya Japani ilikubali mwaka 2018 kifo kimoja cha mfanyakazi wa mtambo aliyeugua saratani ya mapafu.

Kuna kisa kimoja hapo ambacho kila nikikisoma nasimama. Wakaazi wa mji wa Namie walikimbilia sehemu iitwayo Tsushima, juu milimani, kaskazini magharibi ya mtambo. Wakakaa huko siku kadhaa, watoto wakicheza nje, wakiamini wameokoka. Moshi mkubwa ulielekea huko huko, na mvua na theluji zikaushusha. Serikali ilikuwa na mfumo wa kompyuta unaobashiri upepo utapeleka vumbi wapi, lakini matokeo yake hayakuwafikia wale watu. Walikimbia kwa miguu yao wenyewe mpaka chini ya wingu.

Ukiziweka ajali hizi mbili mezani, nyingi kati ya hoja zetu za kijiweni zinavunjika. Anayesema "kimbia kwanza, uliza baadae" ana Pripyat upande wake. Ana na Namie dhidi yake. Mimi sasa niko na wale wanaosema kukimbia bila kujua upepo ni kamari, na kukaa ndani bila kujua ukae mpaka lini nako ni kamari, ila ya pili huua polepole zaidi na hukupa muda wa kusikia habari.

Kilomita ngapi?

Hili ndilo ami alipaswa kulisikia kwangu kabla ya jambo lolote. Miongozo ya IAEA kwa vinu vikubwa hugawa nchi kwa duara. Ndani ya kilomita 3 hadi 5 watu huondolewa mapema, hata kabla kitu hakijatoka mtamboni. Mpaka kilomita 15 hadi 30 huamuliwa haraka nani atoke na nani ajifungie. Mpaka 100 hupimwa ardhi ili kujua kama kuna sehemu ya kuhama. Kisha kuna duara la mwisho, kilomita 300, na hilo halihusu kuhama hata kidogo. Linahusu chakula, maziwa na maji.

Maskati iko kilomita 900 na zaidi kutoka Bushehr. Barakah, mtambo wa Falme za Kiarabu wenye vinu vinne, wa kwanza uliounganishwa na gridi mwaka 2020, uko kilomita mia sita na kitu. Kote kuwili ami yuko nje ya duara la mwisho. Kumwambia afunge virago na mke wake mwenye magoti mabovu, apande gari kwenda Salala safari ya kilomita elfu moja kwenye jua la Juni, ilikuwa ni kumpeleka kwenye hatari ya kweli ili aepuke ya kufikirika.

Na Pemba? Mtambo wa karibu zaidi uliowahi kuzungumzwa kwa dhati ni ule wa Kenya, uliokusudiwa kujengwa Uyombo, kaunti ya Kilifi. Wananchi wa huko waliandamana kuupinga mwaka 2024, na baadae mazungumzo yakahamia Siaya, ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Hakuna kilichojengwa. Lakini chukua ramani na rula: kutoka Uyombo mpaka Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba, ni kama kilomita 160. Tungekuwa nje kabisa ya duara la kuhama na ndani kabisa ya duara la chakula. Hapo nakuomba usimame kidogo, kwa sababu ndipo swali la "tukimbie au tujifungie" linapogeuka kuwa swali la jikoni.

Kaskazi na kusi

Mvuvi wa Kojani hahitaji kompyuta kujua vumbi la Kilifi lingekuja lini. Kaskazi inavuma toka Disemba mpaka Machi, na inashuka na pwani kutoka huko huko. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, vumbi lingefika kwetu ndani ya saa 8. Kusi ikishika, Aprili mpaka Septemba, upepo unatoka kwetu kwenda kwao, na wenye wasiwasi wangekuwa watu wa Lamu. Ule mwezi wa Juni mama aliponunua chumvi, kusi ilikuwa imeshika barabara, na vumbi la Iran lingelazimika kupanda upepo bahari nzima. Upepo wa juu angani unaweza kuwa na njia zake, sikatai, na ndiyo maana kuna vipimo. Lakini ukiambiwa kuna ajali, kabla hujafunga begi, tazama minazi inalalia wapi.

Tuseme hata hivyo tumeamua kutoka. Sensa ya 2022 ilituhesabu Pemba watu 543,441. Hiyo ni mara tatu na zaidi ya watu wote waliohama Fukushima, na wao walikuwa na barabara. Sisi tuna bandari ya Mkoani, Wete, na kiwanja cha ndege kimoja. Boti ikichukua watu 600, zinatakiwa safari 900 na ushee. Nani atapanda ya kwanza? Na ya kwanza itapakia watu 600 tu? Meli ya Spice Islander ilizama usiku wa 10 Septemba 2011 ikija Pemba, imejaa kupita kiasi, miezi sita tu baada ya Fukushima. Zaidi ya watu 200 walikufa, na wengi hawakuonekana tena. Ile ilikuwa safari ya kawaida, watu wametulia, bahari inajulikana. Mimi siwezi kumshauri mtu wa Pemba akimbilie bandarini kwa ajili ya vumbi lililosafiri kilomita 160. Nasema hivyo nikijua kuna watakaonuna.

Nyumba ipi ya kujifungia?

Kujifungia kuna maana mbili: kuzuia vumbi lisiingie mapafuni, na kuweka kitu kizito kati yako na mionzi ya nje. Nyumba zetu hazilingani. Ya udongo na makuti ina ukuta mzuri wenye uzito, lakini juu, baina ya ukuta na paa, pana upenyo ambao wazee waliuacha makusudi upepo upite. Ya matofali na bati huwa na matundu ya hewa juu ya kila dirisha, ambayo mtu anaweza kuyaziba kwa matambara mabichi na gazeti. Nyumba za Mji Mkongwe kule Unguja, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zinazokaribia nusu mita, zinashinda zote, madhali ukae chumba cha ndani na siyo barazani. Kama kwako ni makuti na skuli ya zege iko jirani, nenda skuli. Hilo ndilo "kukimbia" ambalo naliunga mkono: hatua mia mbili.

Aliyekuwa nje avue nguo za juu mlangoni, azitie kwenye mfuko, aoge kwa sabuni na kuosha nywele. Wataalamu hukadiria kuvua nguo peke yake kunaweza kuondoa mpaka asilimia 90 ya vumbi lililomshika mtu. Hakuna kifaa cha kununua hapo.

Kukaa ndani kuna mwisho wake, lakini. Watu wa kilomita 20 mpaka 30 Fukushima waliambiwa wasitoke tangu 15 Machi. Madereva wakaogopa kupeleka bidhaa, maduka yakafungwa, na baada ya siku 10 serikali ikawahimiza waondoke kwa hiari. Kwa hiyo weka akilini siku mbili, tatu, na redio yenye betri. Kwetu sauti ya kusikiliza ni ya Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa na ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ambayo ina ofisi Arusha na Zanzibar. Siyo ya jirani wa mama.

Chumvi au kidonge

Sasa zile pakiti 11.

Jirani hakuwa muongo mtupu. Chumvi ya dukani hutiwa madini joto, nayo ni ayodini. Tezi ya shingo ikishiba ayodini safi haina nafasi ya kuipokea ile yenye mionzi. Wazo ni sahihi. Kilichokosekana ni hesabu. Kidonge cha mtu mzima kina miligramu 130 za potasiamu ayodaidi, ambazo ndani yake mna kama miligramu 100 za ayodini yenyewe. Chumvi nzuri, tuseme ina miligramu 40 kwa kilo. Ili upate kidonge kimoja unatakiwa ule kilo mbili na nusu za chumvi, siku moja. Mionzi haitakuwa na haja ya kukuua. Machi 2011 Wachina walimaliza chumvi madukani kwa khofu ya Fukushima, kwa hiyo mama yangu ana wenzake wengi. Na yupo atakayefikiria ile ayodini ya kupaka kidondani: hiyo usinywe kabisa, ni sumu.

Kidonge nacho kina masharti. Kinafaa kikimezwa kabla vumbi halijafika au ndani ya saa chache baada yake. Baada ya saa 8 faida inapungua, na baada ya siku nzima kinaweza kudhuru kuliko kufaa. Mtoto wa miaka 3 mpaka 12 hupewa nusu, wadogo zaidi hupewa kidogo zaidi. Aliyepita miaka 40 hapati faida ya maana. Hakizuii sesiamu, mada nyengine yenye mionzi, wala kitu chengine chochote, ayodini tu. Mama ana miaka 71, ana presha na sukari. Si kidonge si chumvi, hakuna kinachomuhusu. Anayehusika ni mjukuu wake wa miaka mitatu.

Poland mwaka 1986 walilifanya hili vizuri kuliko nchi yoyote. Moscow haikuwaambia kitu. Walipima wenyewe hewani, na kuanzia 29 Aprili wakawagawia watoto zaidi ya milioni 10 matone ya ayodini, skuli kwa skuli, pamoja na kuzuia maziwa mabichi. Wao walikuwa na dawa tayari na mtu wa kuamua. Kidonge kikiwa ghalani Arusha na vumbi likiwa Konde, saa 8 zinaisha kabla boti haijafunga gati.

Hapa chumvi inarudi kwa mlango mwengine. Tezi ya shingo yenye njaa ya ayodini hunyakua ile mbaya kwa pupa zaidi. Uchunguzi wa baada ya Chernobyl uliona hatari ya saratani ikiwa kubwa zaidi kwa watoto wa maeneo yenye upungufu wa madini joto. Na Pemba, ingawa tumezungukwa na bahari, rovu, ule uvimbe wa tezi ya shingo, si kitu kigeni. Watafiti waliopima watoto wa skuli walikuta upungufu visiwani, Pemba zaidi kuliko Unguja. Tunakula samaki, ndiyo, lakini chumvi tunayopikia mara nyingi ni ile ya mawe mawe kutoka mashamba ya chumvi ya huku huku, isiyotiwa kitu. Kwa hiyo ukiniuliza chumvi au kidonge, nakwambia: chumvi yenye madini joto kila siku, kijiko cha kawaida, kuanzia leo, ajali iwepo isiwepo. Kidonge siku ya ajali, kwa mtoto na mama mjamzito au anayenyonyesha, wakisema wenye kusema.

Maziwa, mchicha, dafu

Nguvu ya ayodini 131 hupungua nusu kila siku 8. Baada ya siku 80 imebaki chini ya sehemu moja ya elfu. Kwa sababu hiyo maziwa ya unga ya kopo, yaliyotengenezwa kabla ya ajali au yaliyokaa ghalani miezi mitatu, yanashinda maziwa mabichi ya ng'ombe wako aliyelala bandani, hata kama kila siku nyengine ningekwambia kinyume. Ng'ombe mwenyewe afungwe ndani apewe majani yaliyokatwa kabla. Sesiamu 137 ni hadithi nyengine: nusu yake hukaa miaka 30, na baadhi ya mashamba ya kondoo huko Wales, yaliyonyeshewa mvua Mei 1986, yaliwekewa vizuizi mpaka 2012.

Kwenye mboga, jiulize tu: kimekaa juu au chini, wazi au kimefunikwa? Mchicha na kisamvu ni sinia la kupokelea vumbi. Japani mchicha wa kwao ulikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuzuiwa, pamoja na maziwa. Muhogo uko chini ya udongo, ndizi ina ganda, na dafu ni chupa iliyokwishafungwa. Lioshe kabla hujalikata. Siku za mwanzo ningempa mjukuu wa mama dafu na uji wa maziwa ya kopo, mboga za majani zingoje.

Maji ya kisima kilichofunikwa yanayashinda ya pipa la paani, bila mjadala. Mvua ndiyo inayoshusha vumbi, na paa lako la bati linakukusanyia vumbi la uwanja mzima ndani ya pipa moja. Ajali ikitokea masika, geuza mfereji wa bati umwage nje. Hata Tokyo, zaidi ya kilomita 200 kutoka Fukushima, Machi 2011 walikuta bekereli 210, yaani kipimo cha mionzi, kwa lita kwenye maji ya mfereji, kikomo cha watoto wachanga kikiwa 100, wakagawa maji ya chupa kwa ajili ya watoto.

Ndiyo maana jibu sahihi la ami lilikuwa kwenye maji. Nchi za Ghuba hunywa bahari iliyochujwa. Maskati iko nje ya mlango wa Hormuz, kwenye Bahari ya Oman, kwa hiyo ina nafuu kuliko Dubai au Doha ambazo ziko ndani ya bahari moja na Bushehr. Nilimpigia tena baada ya wiki mbili, vita vimekwisha, nikamwambia: ami, nisamehe, usiende popote, weka maji ya wiki mbili ndani na umwambie binti yako Dubai aweke ya mwezi. Akacheka. "Salala nilikuwa siendi, mwanangu. Mke wangu alikataa."

Mama nilimfanyia hesabu ya chumvi mbele ya macho yake, kijiko kwa kijiko, kwenye ubao wa mbuzi ya nazi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akazitoa pakiti chini ya kitanda, akabakisha tatu za jikoni, na kwa zile nane zilizobaki akamwita kijana wa pwani amletee papa wa kutia chumvi. Wiki ile tulikuwa na ng'onda uwanja mzima, na majirani wote walijua kwa harufu kwamba vita vimekwisha.